Wasichana wa Geita na Faili Lenye Sahihi

Ninyi mlioketi mbele ya kompyuta ya mteja sasa hivi, chai imepoa pembeni na kipanya kiko mkononi, nawaona. Siwaoni kwa macho. Mimi nipo uani kwangu hapa Shinyanga, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya, na kutoka hapa naona kuku, kamba ya nguo na kipande cha kilima cha mawe kinachogeuka rangi ya asali jua linapolegea. Lakini nawaona. Mmoja wenu ameambiwa, "Fundi, hii ina virusi," na tayari anakimbilia kufuta mafaili kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Acha kwanza. Kaa. Mimi nimestaafu, kwa hiyo nina muda mwingi kuliko mnavyopenda.

Mjue kwanza mnaongea na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walitawanyika kama mbegu za pamba. Mimi nilivuka barabara tu, nikaingia karakana ya Mzee Shabani, nikatoka humo miguu ilipoanza kuvimba. Safari ya kutoka jikoni kwangu hadi karakana niliilalamikia miaka yote. Mume wangu, Baba Limi, alikuwa akisema nikifa wasihangaike kunipeleka makaburini, kwani sitakubali kwenda. Basi nikiwaambia kwamba mtu huyu alipanda gari hadi Nyarugusu, machimboni mkoa wa Geita, kwa ajili ya faili moja la kompyuta, muelewe halikuwa jambo dogo.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Ujiji, alianza na mashine za kuchapa, zile za kugonga. Akiletewa kompyuta inayosumbua hakuigusa. Aliiwasha, akaagiza chai, akaitazama.

"Mama Limi, acha ipumue," aliniambia. "Asiyeitwa atakuja mwenyewe."

Tulikaa hivyo mchana, joto limelala juu ya bati, pangaboi inazunguka polepole kama inayofikiria mambo yake. Hakuna anayebofya. Kioo kimetulia kama maji ya bwawa. Mara, kutoka pembeni, kinapanda kidirisha kidogo, taratibu, kama povu: Hongera, umeshinda simu!

"Umemwona?" Mzee ananong'ona. "Nani kamwita huyu?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya juu. Mpaka leo nikisinzia hapa uani naota vidirisha vinapanda kutoka kwenye ndoo ya maji, na kila kimoja kinanipongeza.

Programu hizo za matangazo Mzee aliziita wapiga debe. Wateja huita kila kitu virusi, na msiwakosoe, wamelipia haki hiyo. Lakini ninyi mjue tofauti. Virusi ni mwizi, anavunja na kuchukua. Mpiga debe wa stendi haibi. Anakuvuta shati, anabeba begi ambalo hukumpa, na ukija kushtuka umekaa kwenye gari la Tabora nawe ulikuwa unakwenda Kahama. Ukimlaumu anakuonyesha kizibao chake cha kung'aa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Kitambulisho ni cha kweli kabisa. Jina ni lake, picha ni yake. Na begi lako bado analo.

Hapo ndipo penye somo la leo. Faili la programu linaweza kuwa na sahihi ya kidijitali. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, utakuta ukurasa wa sahihi. Sahihi hiyo inakuambia mambo mawili tu: nani aliyelitia faili mkono wake, na kwamba tangu alipolitia, hakuna aliyelichokonoa. Basi. Haikuambii kama huyo bwana ana adabu.

Na msije mkageuza mambo mkasema lisilo na sahihi ni baya. Hata Mzee aliteleza hapo. Tuliitwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akakuta faili halina sahihi ya mtu, limejificha kwenye kabrasha lenye vumbi. Akalifuta kwa furaha. Kumbe lilikuwa programu ya mzani, iliyoandikwa na kijana mmoja wa hapo hapo ambaye hakuwa na habari za kusaini chochote. Mzani ukanyamaza. Wakulima wamepanga foleni na marobota yao, wanatutazama kama watu waliozuia mvua. Mzee akajifuta jasho, akasema, "Mama Limi, toa ile flashi ya akiba, halafu usinitazame usoni mpaka tufike mjini." Sikumtazama. Nilicheka nikiangalia dirishani njia nzima.

Sasa hii ya Nyarugusu.

Mdogo wangu Masalu, ambaye huko anaitwa Baba Neema, ana duka la steshenari: kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kuwajazia watu maombi mtandaoni. Zamani alikuwa mchimbaji, akaacha mgongo ulipokataa. Duka wanaliendesha yeye na mkewe, na kompyuta ni moja. Siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa? Wewe hunipigii bila msiba."

"Bado hajafa mtu. Mama Neema anafunga begi."

Kwa muda fulani, kila walipofungua mtandao, palijitokeza picha ya binti anacheka, na maneno chini yake: Wasichana ya Geita wanataka sema na wewe sasa. Ilitokea mbele ya wateja. Ilitokea mbele ya mzee wa kanisa aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa. Mama Neema alivumilia binti kucheka, lakini neno Geita lilimkaa kooni. Geita ni hapo jirani, mume wake huenda huko kununua karatasi. Hao wasichana wangejuaje kumtafuta duka kwa duka, kama si yeye aliyewaelekeza?

Masalu akafanya la busara, akaipeleka mashine kwa Ndalahwa. Huyu Ndalahwa nilikaa naye benchi moja kwa Mzee Shabani, kisha akafungua karakana yake Geita mjini. Ni fundi mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: anapenda Kiswahili cha taarifa ya habari. Sisi wengine tunasema saini. Yeye, hapana. Alikagua, akarudisha mashine Nyarugusu kwa mkono wake, akasimama mbele ya mume na mke, akatangaza:

"Nimepitia programu zote. Kila moja ina sahihi."

Mama Neema akamgeukia mumewe. "Umesikia? Kompyuta ni sahihi. Kwa hiyo asiye sahihi ni wewe."

Angesema saini, watu wangelala.

Mama Neema akapiga simu kwao Kolandoto, na kaka zake wakasema wanakuja kesho yake asubuhi kumchukua. Ninyi mliooa mnajua. Mke akienda mwenyewe kwa hasira, atarudi. Kaka zake wakija kumchukua, jambo limekuwa la wazee, na maneno yakishasemwa mbele ya wazee hayarudi mdomoni. Masalu alikuwa akiongea nami huku analia, na anajifanya ana mafua.

Nikampigia Ndalahwa.

"Umeangalia sahihi. Ukaangalia nini tena?"

"Mama Limi, zote zilikuwa halali."

"Za nani?"

Nikasikia bodaboda zikipita kwake.

"Bhebhe, wewe Ndalahwa! Za nani?"

"Jina moja sikulifahamu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka kutoka kwenye taarifa ya habari hadi kwenye Kisukuma cha kawaida.

Kwa hiyo nikasafiri siku ile ile. Sitawachosha na safari, kwa sababu niliilala. Nakumbuka vipande tu: ng'ombe wamesimama barabarani wanamtazama dereva kana kwamba yeye ndiye amepotea, vumbi jekundu limeelea juu ya mihogo halitaki kushuka, na mimi nimekumbatia flashi zangu kwenye kipochi kama mkunga. Karibu na Nyarugusu ukaanza ule mlio wa makarasha yanayosaga mawe. Kwa mbali unafanana na mvua kubwa inayonyesha kijiji cha pili. Niliamka nikitafuta kanga zangu niziondoe kambani.

Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa, na juu yake pochi ya kanisani. Mama Neema alitoka akanipokea kwa heshima zote, jambo lililoniogopesha. Mimi na yeye ni mawifi, siku zote hutaniana mpaka majirani wanakuja kuamua.

"Karibu, wifi. Umekuja kumtetea kaka yako."

"Nimekuja kuona kompyuta. Kaka yangu nimeshamwona tangu akiwa hajui kuvaa suruali."

Hakucheka. "Kompyuta ni sahihi. Fundi kasema."

Hapo nikaelewa kwamba mkono wangu hauna kazi pale. Ningelifuta lile faili dakika ile ile, wasichana wangetoweka, naye angesema wifi mtu amefuta ushahidi. Nikavuta viti viwili, nikampa yeye kipanya. Masalu nikamweka nyuma, na nikamkataza kusema.

"Usiguse kitu," nikamwambia wifi. "Tuiache ipumue."

Tukakaa. Nje makarasha yananguruma, jua limeingia mlangoni likalala juu ya begi lake. Sikumbuki tulikaa kiasi gani. Nilikuwa nimeanza kwenda zangu, nusu usingizi, kioo kinanipepea rangi ya buluu, ndipo binti akapanda pembeni, taratibu, anacheka. Wasichana ya Geita wanataka sema na wewe sasa.

"Huyo!" wifi akafoka.

"Wifi, msichana gani wa Geita anasema 'wasichana ya Geita'?"

"Bibi yangu anasema hivyo."

Kweli. Bibi yake namfahamu.

Nikamwelekeza afungue orodha ya programu zinazofanya kazi wakati ule. Tukazipitia moja moja, hii ya printa, hii ya sauti, hii ya kuzuia virusi, mpaka tukafika kwenye moja iliyojiita msaidizi wa video. Nani kamwita? Akafungua mahali lilipolala faili lake: halikuwa pamoja na programu nyingine, lilikuwa limejibanza kwenye makabrasha ya muda, huko ambako programu ya heshima haipangi chumba. Akafungua ukurasa wa sahihi. Ilikuwepo, na chini yake kompyuta imeandika kwamba sahihi iko sawa.

Wifi akaegemea kiti. "Si unaona? Iko sawa."

Nyuma yangu Masalu akatoa pumzi kama tairi.

Sikujua nianzie wapi, maana neno lenyewe lilikuwa limenizidi nguvu. Ni neno moja kwa mambo mawili, na yule anayelisikia achague. Nikatazama nje. Mbele ya karasha la jirani palikuwa na viroba vya mawe yaliyotoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, vimepangwa vikisubiri zamu, kila kimoja kimeandikwa jina kwa rangi.

"Wifi, kile kiroba cha mbele kimeandikwa nini?"

"Jina la mwenye mawe."

"Kwa hiyo kina dhahabu."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike, na alinicheka mimi. "Wifi wa Shinyanga! Jina linasema mawe ya nani, yasichanganywe na ya mwingine. Kama yana kitu, utajua yakishasagwa na kuoshwa. Watu wana majina mazuri na mawe matupu..."

Hakumaliza. Akakitazama kiroba, akakitazama kioo.

"Kwa hiyo hii sahihi..."

"Mimi sijasema kitu."

"...ni jina kwenye kiroba."

"Haya," nikasema, "tusage."

Hapa vijana mnisikilize, ndiyo kazi yenyewe. Angalieni kwanza jina la mwenye sahihi kama linafanana na kazi ya programu. Lile lilikuwa jina la kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, limepangwa kama herufi zilizomwagika. Halafu chukueni alama ya kidole ya faili, ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao ni wa faili hilo peke yake, mkaitafute kwenye ile tovuti inayokusanya hukumu za programu nyingi za kuzuia virusi. Tafuteni alama tu, msipakie faili la mteja hovyo, siku moja mtapakia barua zake za mahakamani. Kisha someni majibu, msiyahesabu kama kura. Sauti moja ikipiga kelele peke yake, huenda imeota. Zote zikinyamaza, huenda faili ni geni mjini. Lakini zile mnazoziamini zikisema kwa majina tofauti jambo lile lile, kaeni sawa. Siku ile nyingi zilisema: programu ya matangazo, isiyotakiwa. Wifi alisoma mwenyewe, kidole juu ya kioo.

"Mpiga debe," akasema.

"Mwenye kitambulisho."

Masalu akadhani kumekucha. "Si nilikuambia, Mama Nee..."

"Nyamaza, sijamaliza na wewe." Akanigeukia. "Sawa, ni mpiga debe. Lakini Geita kaijuaje? Nani kamwambia tupo Geita?"

Swali zuri kuliko lolote aliloniuliza Ndalahwa katika maisha yake. Nikamwambia matangazo hayo hukisia mahali ulipo kutokana na mtandao unaoutumia, halafu yanabandika jina la mji. Hakuamini, na mimi nisingeamini. Nikachomoa mtandao wa duka, nikaiunganisha mashine na bando la simu yangu. Nilikuwa natumia mtandao mwingine, na sikuwa na uhakika hata kidogo. Mitandao hukisia inavyotaka, ingeweza kusema Geita tena nikafungasha na begi la wifi.

Tukasubiri. Binti akapanda. Jino lile lile, hereni zile zile.

Wasichana ya Mwanza wanataka sema na wewe sasa.

Mama Neema akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Wamehama?"

Ndipo tukacheka, mayu, mama yangu, tukacheka mpaka mwenye karasha akaja mlangoni kuuliza. Masalu alicheka kwa woga, kama mtu aliyeruhusiwa kukaa lakini hajaonyeshwa kiti.

Ningeishia hapo. Wifi, kwa kuwa kipanya alikuwa nacho yeye, akaendelea. Alitaka kujua mpiga debe aliingia lini. Akafungua tarehe ya faili, kisha akapanga vilivyopakuliwa kwa tarehe, kama nilivyomwonyesha. Juu yake tu, siku ile ile, palikuwa na programu ya bure ya kupakua video, na chini yake nyimbo za kwaya ya Pasaka, moja baada ya nyingine, sauti ya kwanza mpaka ya nne.

Katika duka lile anayeimba kwaya ni mtu mmoja.

Mkono wake ukatulia juu ya kipanya. Alikumbuka, nilimwona akikumbuka: zile kurasa zinazouliza unakubali, unakubali, endelea, na mtu ana haraka ya mazoezi, anakubali. Makarasha yalikuwa yananguruma mbali sana. Masalu akavuta pumzi ya kusema, na hapo nikamkanyaga mguu kwa kisigino changu chote cha kustaafu.

"Tumwondoe?" nikauliza.

"Tumwondoe," akasema kwa sauti ndogo.

Akamwondoa mwenyewe. Kwanza programu yenyewe, kisha kiambatisho chake kwenye kivinjari, kisha ruhusa ya kutuma arifa, kisha ile kazi iliyopangwa kumwamsha kila kompyuta inapowashwa, maana mpiga debe ukimfukuza mlangoni huingilia dirishani. Tukazima, tukawasha. Tukaiacha ipumue. Kioo kikakaa kimya, buluu tupu, mpaka nikaanza kusikia usingizi tena.

Wifi akachukua simu, akasimama mlangoni akitugeuzia mgongo. "Kaka? Msije kesho. Hapana, hajanipiga. Hapana. Ilikuwa ni... kulikuwa na wapiga debe. Wa kwenye kompyuta. Wasalimie nyumbani." Akakata. Akalitazama begi, akalisogeza kwa mguu nyuma ya mlango, kama mtu anayesogeza kitu cha mgeni.

Kisha akaingia jikoni. Tukasikia mfuniko, tukasikia maji.

"Baba Neema!"

"Naam!"

"Mkaa umeisha. Na wifi atakula nini?"

Sijawahi kumwona mdogo wangu akipanda baiskeli hivyo, na mgongo wake ule. Hakuuliza kiasi gani, hakuuliza kwa nani. Alikuwa ameshapita viroba vya mawe, vumbi linamfuata, mkewe alipotoka na mwiko mkononi akamkalipia kwa sauti iliyozidi makarasha yote:

"Na usikae huko kuongea na wasichana ya Mwanza!"